Umebadili simu? Usipoteze tarehe za chanjo za mtoto

Mama amenunua simu mpya. Ya zamani ilikuwa Android, hii ni iPhone. Anatafuta programu aliyokuwa akiandikia uzito wa mwanawe na tarehe za chanjo, haipo. Mtoto ana miezi 17, na mwezi ujao anatakiwa kupata dozi ya pili ya surua na rubella.

Simu haina kosa. Kila simu ina mfumo wa uendeshaji, yaani msimamizi anayepokea maagizo ya programu: hifadhi hiki, piga picha, kumbusha saa mbili. Maagizo yaliyoandikwa kwa msimamizi mmoja, mwingine hayaelewi.

Kwa wataalamu wa kompyuta, programu inahamishika pale ambapo kazi ya kuipeleka kwenye mfumo mwingine ni ndogo kuliko kuiandika upya. Inaweza kuhitaji marekebisho kidogo, lakini isianze sifuri.

Sekta ya afya inalijua hilo. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, ukitegemea Microsoft Access, hivyo ukafungwa kwenye kompyuta za Windows. Toleo la pili, DHIS2, linaloratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, liliandikwa upya kwa lugha ya Java, ambayo hufanya kazi kwenye Windows na hata Linux. Mtumiaji hulifungua kwa kivinjari cha intaneti. Leo linatumika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi.

Lakini programu kuhama ni jambo moja, taarifa kuhama ni jingine. Programu inaweza kuwepo kwenye simu zote mbili, ila kama tarehe zilihifadhiwa ndani ya simu ya zamani tu, mpya itafunguka tupu.

Kabla ya kuanza kutumia programu yoyote ya mtoto, mzazi ajiulize:

• Je, ipo kwa Android na iPhone, au inafunguka kwenye kivinjari?

• Je, taarifa zinabaki kwenye akaunti yangu nikibadili simu?

• Je, naweza kuzitoa kama faili la PDF au jedwali?

Usiuze wala kufuta simu ya zamani kabla ya kuhakikisha taarifa zimefika kwenye mpya. Na kadi ya kliniki itunzwe: ndiyo muuguzi atakayoiomba siku ya chanjo.