Kutoka Vumbi hadi Sayari: Ushahidi wa Vimondo vya Afrika Mashariki

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sayari zinavyoumbika kutokana na vumbi linalozunguka nyota changa. Mwanafunzi wa Butembo au Beni aghalabu hufundishwa elimu hii kwa Kifaransa. Hata hivyo, Kiswahili kina maneno ya kuibeba, na nchi jirani zina mawe ya kuishuhudia.

Nyota huzaliwa pale wingu la gesi na vumbi linapojikunja kwa uvutano wake lenyewe. Masalio ya wingu hilo huizunguka nyota mfano wa sahani bapa, ambamo gesi ni takriban asilimia 99 na vumbi asilimia 1. Mwaka 2014 darubini za ALMA, nchini Chile, zilionyesha sahani ya nyota changa HL Tauri ikiwa imegawanyika pete kwa pete. Nyota hiyo haionekani kwa macho matupu, lakini imo upande ule ule wa anga wenye Kilimia, nyota ambazo jina lake latokana na kulima. Mwaka 2018, katika anga ya kusini, ilipigwa picha sayari ingali inakua kandokando ya nyota PDS 70. Butembo na Beni ziko karibu mno na ikweta, hivyo pande zote mbili huonekana kutoka huko.

Mwanzoni chembe hugongana polepole na kushikamana. Haba na haba, huwa kokoto. Lakini methali hiyo ina mpaka wake hapa. Pande likikaribia ukubwa wa mita 1, migongano hulivunja badala ya kulikuza, nayo gesi hulipunguza mwendo hata likavutwa kuelekea nyota. Jibu linalokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba kokoto hujikusanya makundi makundi, zikapunguziana ukinzani wa gesi, mpaka uvutano wao wa pamoja unapolibana kundi zima kuwa kijisayari, yaani mwili wenye upana wa makumi ya kilomita au zaidi. Tangu hapo uvutano ndio fundi. Mshtarii ilikua upesi, kabla gesi haijatoweka. Dunia ilikamilishwa na migongano mikubwa kwa muda wa makumi ya mamilioni ya miaka.

Hatua hizi zimeacha alama katika vimondo. Kile kilichoanguka Ivuna, Tanganyika, tarehe 16 Desemba 1938, kina elementi kwa viwango vinavyokaribiana sana na vya Jua, isipokuwa zile za gesi nyepesi. Kwa hiyo jina la Ivuna limepewa kundi zima la vimondo vya aina hiyo. Udongo wa Ryugu, ulioletwa na chombo cha Japani mwaka 2020, ulionekana kuwa ndugu yake. Vimondo vya Mbale, Uganda, vilivyoanguka tarehe 14 Agosti 1992, ni vya jamii ya mawe yaliyojengwa kwa matone yaliyoyeyuka na kuganda ndani ya sahani ya Jua. Kimondo cha Mbozi, Tanzania, ni chuma na nikeli, metali ambazo hujitenga na mawe pale kijisayari kinapoyeyuka.

Basi vumbi, matone na metali, historia ya takriban miaka bilioni 4.6, vimehifadhiwa katika ukanda huu wa Waswahili. Mwalimu anayetamka sahani, kokoto na kijisayari hapunguzi kina cha sayansi. Anaifikisha kwa wengi zaidi.