Lenzi za Kizamani Bado Zina Kazi

Nilipokwenda Nakuru kwa harusi ya jamaa, nilifunga Helios 44-2, lenzi kuukuu ya Umoja wa Kisovieti, kwenye kamera ya kisasa ya Sony. Vijana wapiga picha wakaniuliza: yashikana vipi?

Siri ni nafasi. Kamera za filamu zilikuwa na kioo cha kupandisha picha machoni, hivyo lenzi ya skrubu ya M42 hukaa milimita 45.46 mbele ya filamu. Sony hizi hazina kioo hicho. Nafasi yake ni milimita 18 tu. Pete ya chuma, tupu ndani, hujaza pengo hilo. Kwenye menyu iruhusu kamera ipige bila lenzi, washa rangi inayoonyesha palipo wazi, kisha zungusha kwa mkono, polepole.

Kwa heroe wa Ziwa Nakuru, milimita 58 ni fupi mno, tafuta 135. Ila kwa uso wa bibi harusi, mashallah, usikimbilie kukopa ununue lenzi mpya.

Kwetu pwani adui ni unyevu. Kuvu hula lenzi zilizolala makabatini tangu enzi za studio. Kabla hujalipa, mulika tochi kwa nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui, mrudishie mwenyewe.