Kocha McLendon na kombe la vyuo vidogo (Sehemu ya Nne)

Machi 2025 College of Idaho, chuo chenye wanafunzi elfu moja na kitu katika mji wa Caldwell, kilitwaa ubingwa wa kikapu wa wanaume wa NAIA, chama cha michezo cha vyuo vidogo vya Marekani, kwa mara ya pili katika misimu mitatu. Nilitarajia kuiona habari hiyo walau pembezoni mwa kurasa za michezo. Wapi! Wino wote wa mwezi ule ulimwagwa kwa NCAA, mashindano ya vyuo vyenye fedha, kana kwamba vyuo vidogo havina la kumfundisha mtu. Basi leo nitayaweka kando matokeo, nimrudie mzee wangu John McLendon.

Katika sehemu iliyopita tulimwacha James Naismith, mvumbuzi wa kikapu, mwaka 1937, akiwaunga mkono kina Emil Liston walioanzisha mashindano haya ya vyuo vidogo kwa timu nane katika ukumbi wa Municipal Auditorium, Kansas City. Miaka michache kabla ya hapo, kijana Mweusi, McLendon huyo, alibisha hodi ofisini kwa Naismith katika Chuo Kikuu cha Kansas, akamwambia: wewe ndiye utakayekuwa mlezi wangu wa masomo. Nani kasema? Baba yake. Naismith akacheka, akampokea.

Kumpokea darasani ni jambo moja, uwanjani ni jingine. Timu ya chuo ilikuwa ya Wazungu watupu, na McLendon hakuichezea hata siku moja. Alipoingia kwenye bwawa la kuogelea, maji yalimwagwa yote. Hakukata tamaa wala hakutukana. Aliafikiana na wakuu kwamba bwawa liwe wazi kwa wote kwa majuma mawili, na kama hapatatokea fujo, libaki hivyo. Kisha akazunguka kimyakimya kuwaomba wanafunzi Weusi wasikanyage kule mpaka muda uishe. Fujo ingetoka wapi? Bwawa likabaki wazi. Huyo ndiye kocha mtarajiwa: anamsoma mpinzani kwanza, mpira baadaye.

Nayo mashindano yenyewe ya Kansas City yaliwafungia mlango Weusi kwa miaka kumi ya mwanzo. Mwaka 1947 John Wooden, wakati huo kocha wa Indiana State, alikataa mwaliko kwa sababu mchezaji wake Clarence Walker asingeruhusiwa kucheza. Mwaka uliofuata ulikuwa wa Olimpiki ya London, na bingwa wa Kansas City alikuwa na nafasi katika mechi za kuchuja timu ya taifa. Manhattan College ya New York ikatishia kujitoa iwapo ubaguzi utaendelea, na marufuku ikafutwa. Walker akacheza, timu yake ikafika fainali na kufungwa na Louisville 82 kwa 70. Lakini hotelini hakuruhusiwa kulala na wenzake. Sheria ilikuwa imebadilika, roho za watu bado, na ni hapo ndipo wasimamizi wengi wa michezo hupenda kuishia: wanapiga picha ya mlango uliofunguliwa, hawaulizi nani amelala wapi.

McLendon aliuliza. Mwaka 1953 vyuo vya Weusi vilipewa nafasi ya kushindana, na timu yake ya Tennessee A&I ilipoalikwa Kansas City alitoa sharti: vijana wake walale na kula hotelini kama timu nyingine zote, la sivyo hawaji. Sharti likakubaliwa. Kisha wakaja kukimbia. Mpira wake ulikuwa wa kasi, kuwabana wapinzani uwanja mzima na kushambulia kabla hawajajipanga, mambo ambayo leo kila kocha anayafundisha bila kumtaja mwenyewe. Akiwa na Dick Barnett, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyekunja miguu hewani, alitwaa ubingwa mwaka 1957, 1958 na 1959. Hakuna chuo chochote Marekani, kikubwa wala kidogo, kilichokuwa kimetwaa ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo kabla yake. Wooden, ambaye dunia nzima inamjua kwa mataji yake kumi na UCLA, alipata la kwanza mwaka 1964.

Ukumbi wa Heshima wa kikapu ulimwingiza McLendon mwaka 1979, si kama kocha bali kama mchangiaji wa mchezo! Kwa ukocha wake alisubiri hadi 2016, miaka 17 baada ya kufa. Sina neno la upole kwa hilo.

Sasa mashindano ya leo, kwa kifupi maana nafasi inaniishia. Timu ni 64, za mtoano. Raundi za kwanza huchezwa vyuoni, kisha timu 16 hukutana Kansas City, katika ukumbi uleule wa 1937. Mwaka 2024 Langston, chuo cha Weusi cha Oklahoma, kilifika fainali kikafungwa na Freed-Hardeman 71 kwa 67. Wahariri wa michezo, Machi ijayo tupeni walau matokeo ya fainali.

Sehemu ya tano itaanzia mwaka 1961, Grambling ilipochukua kombe hili ikiwa na kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Willis Reed.