Injini ya mtumba kwenye pikapu: kazi haiishii gereji, kadi ya gari nayo hubadilishwa

Na Mwandishi Wetu, Misungwi

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipozinduliwa tarehe 19 Juni, 2025, gari linalotoka Usagara kwenda Sengerema na Geita halisubiri tena kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Kwa mwenye pikapu anayebeba mpunga, viazi vitamu au dagaa, hiyo ni nafasi ya kuongeza safari. Ni mzigo pia kwa injini, kwani pikapu nyingi za kazi hiyo ni za miaka mingi. Injini inaponoki, mmiliki huwa na njia mbili: kuifungua na kuifanyia matengenezo makubwa, au kununua injini ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali au lililobomolewa kwa ajili ya vipuri. Njia ya pili huvutia kwa sababu gari hurudi barabarani mapema.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba injini ina namba yake, iliyogongwa kwenye bloku, na namba hiyo imeandikwa katika kadi ya usajili wa gari pamoja na namba ya chesesi, ujazo wa injini na aina ya mafuta. Siku fundi anaposhusha injini ya zamani na kupandisha nyingine, kadi hiyo huacha kusema kweli.

Usajili wa vyombo vya moto nchini unasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) chini ya Sheria ya Kodi ya Usajili na Uhamisho wa Magari, Sura ya 124. Mmiliki anapobadilisha kitu kinachogusa maelezo ya usajili, ikiwemo injini, anawajibika kumjulisha Msajili ili kumbukumbu zirekebishwe. Namba ya usajili ya gari na namba ya chesesi hubaki zilezile. Kinachorekebishwa ni namba ya injini na, pale inapohusu, ujazo na aina ya mafuta.

Wapo wanaodhani kwamba ujazo wa injini hauna maana tena kwa kuwa ada ya leseni ya mwaka ya magari ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Ni kweli ada ilifutwa. Wajibu wa kadi kuendana na gari haukufutwa.

Madhara huchelewa kuonekana, na ndiyo maana watu hupuuza. Pikapu inaweza kufanya kazi miaka kadhaa bila swali lolote, hadi siku mmiliki anapotaka kuiuza, kuiweka dhamana ya mkopo au kudai fidia baada ya ajali. Mkaguzi hufungua boneti, husoma namba na kuilinganisha na kadi. Zisipolingana, mnunuzi hurudi nyuma na mkopo husimama. Mwenye bima kubwa anaweza kujikuta akibishana na kampuni juu ya gari ambalo maelezo yake hayafanani na yaliyomo katika mkataba.

Lililo zito zaidi ni asili ya injini yenyewe. Injini iliyouzwa bila karatasi yoyote inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kupokea mali ya wizi kwa kujua kuwa ni kosa. Asiyejua naye atatakiwa kueleza aliipata wapi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mnunuzi asome namba kwenye bloku kwa macho yake. Sehemu iliyopigwa msasa au kugongwa upya ni sababu tosha ya kuondoka. Adai risiti ya EFD inayotaja namba hiyo, au kama muuzaji ni mtu binafsi, wandikiane mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi, ukiambatana na nakala ya kadi ya gari ilikotoka injini.

Baada ya ufungaji, gari lipelekwe kwa Mkaguzi wa Magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani, kisha mmiliki aende ofisi ya TRA na kadi halisi, uthibitisho wa ununuzi na ripoti ya ukaguzi. Zoezi hili ni rahisi likifanywa wakati muuzaji bado anapatikana kwa simu.

Kuhusu uchaguzi wa injini, inayofanana na ya awali hupunguza gharama na maswali. Katika Toyota Hilux za dizeli za zamani, injini za 2L, 3L na 5L ni za ukoo mmoja na hukaribiana sana katika ufungaji, lakini ujazo wake ni tofauti: sentimita za ujazo 2,446, 2,779 na 2,986. Fundi anaweza kusema "ni ileile tu". Kwa kadi, si ileile. Injini ya 1KZ-TE, yenye turbo na mfumo wa umeme wa kudhibiti mafuta, huhitaji waya na vifaa vingine ambavyo mara nyingi haviuzwi pamoja nayo.

Injini ya gari la ajali ikaguliwe kwa subira. Mgandamizo wa kila silinda upimwe. Oili yenye rangi ya maziwa huashiria kuwa maji yameingia. Gari lililogongwa mbele huenda feni yake ilisukumwa hadi kuumiza pampu ya maji. Injini ikiwa bado iko chini, ndio wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi na sili za oili, kwa sababu kuvifikia baadaye ni kazi na gharama nyingine.

Mmiliki amuulize fundi pia swali moja: injini ya kwanza ilikufa kwa nini? Ikiwa rejeta ilikuwa imeziba, injini mpya itaungua na rejeta hiyohiyo.

Injini ya zamani nayo isiachwe kiholela. Ikiuzwa kama chuma chakavu, yaandikwe maandishi yenye namba yake na jina la mnunuzi. Oili iliyomwagwa iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko. Mitaro mingi ya upande huu wa Misungwi huishia Ghuba ya Mwanza, na maji ya ziwa hilo ndiyo yanayochotwa majumbani.