Mpangaji, kuku wako wamo kwenye mkataba?

UKIPITA Manzese au Tandika, Dar es Salaam, utakuta wapangaji wanaofuga kuku uani ili kuongeza kipato. Tatizo huja siku mwenye nyumba anapobadili mawazo. Mfugaji huambiwa achague, kuku au chumba, na mtaji wake huuzwa kwa bei ya kutupa.

Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Hivyo, ngao kubwa ya mpangaji ni mkataba wake. Ruhusa ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Kabla ya kulipa kodi, omba yaandikwe haya: idadi ya kuku, mahali pa banda, nani atafanya usafi, na muda wa notisi. Kuku huatamia siku 21, kwa hiyo notisi ya wiki moja ni hasara ya mayai yote.

Uliza pia ofisi ya mtaa kuhusu sheria ndogo za halmashauri. Kisha timiza wajibu wako: chanja dhidi ya mdondo kila miezi mitatu, na zoa mbolea kabla jirani hajalalamika.