Kredi za masomo ni akiba ya binti yetu

Mwaka wa masomo unapofika mwisho, wengi wetu tunamuuliza mtoto aliye kwenye chuo kikuu ao kwenye ISP swali moja tu: "Umepita?" Akijibu ndiyo, tunatafuta kuku. Akijibu hapana, tunalilia feza zetu. Sisi waalimu tunaona kwamba swali hilo halitoshi tena. Kuko lingine la kuuliza, na tuliulize mara mbili kwa mwaka: "Umekusanya kredi ngapi, na karatasi yake iko wapi?"

Kredi hii si deni

Sokoni, kuchukua kitu kwa kredi ni kuingia katika deni. Kwenye masomo ni kinyume: kredi ni akiba. Wamama walio katika AVEC wataelewa upesi. Kila juma mwanamemba ananunua sehemu zake, na wanapiga kashe katika kitabu chake. Akikosa juma moja kwa sababu mtoto anagonjwa, kashe za majuma yaliyopita hazifutwi. Ndivyo ilivyo na kredi za mwanafunzi.

Mpango huo unaitwa LMD, maana yake lisansi, mastere na doktora. Nchi za Ulaya ziliueneza kisha mapatano ya Bologna ya mwaka 1999. Kwetu Congo, sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliuingiza, na serikali iliagiza vyuo viuanze katika mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani tulijua miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi. Sasa lisansi ni miaka 3, na kila mwaka una mihula 2. Muhula mmoja una kredi 30, mwaka mzima kredi 60, na lisansi yote kredi 180. Anayeendelea mpaka mastere anaongeza miaka 2 na kredi 120.

Somo lenye kazi nyingi lina kredi nyingi, somo fupi lina chache. Na kredi haihesabu tu saa za kukaa mbele ya profesa. Inahesabu pia saa za kusoma peke yake. Kwa hiyo binti anapoketi jioni na kaye zake, hajakaa bure, yuko kazini. Tukimtuma maji, kisha soko, kisha kuosha vyombo, huku kaka yake anaachwa asome, tunamnyima kredi kwa mikono yetu wenyewe.

Akisimama njiani

Hapa ndipo jambo hili linatugusa sana. Wasichana wengi wanasimama katikati ya masomo. Mmoja anazaa. Mwingine baba yake anakufa na feza zinakosekana. Mwingine vita inamkimbiza kutoka muji wake. Wengi wao hawarudi tena, kwa sababu wanafikiri kila kitu kimepotea.

Tuhesabu pamoja. Binti amemaliza mwaka wa kwanza na kredi zote 60. Katika mwaka wa pili amemaliza muhula mmoja na kredi 30, kisha amezaa. Ana kredi 90 juu ya 180. Amekwisha kufika nusu ya njia! Akirudi kisha mwaka mmoja ao miwili, kredi alizozipata ni zake, na anaweza kuomba hata chuo cha muji mwingine kizitambue.

Lakini chuo hicho hakitamwamini kwa maneno tu. Kitaomba releve, ile karatasi ya pointi, yenye sahihi na kashe. Kitaomba pia kujua kila somo lilifundisha nini, ili kilinganishe na masomo yake. Kama karatasi zilibaki katika ofisi iliyoporwa, ao kama hazikuombwa hata siku moja, binti huyo ana akiba ambayo hawezi kuitoa.

Staji si kupoteza wakati

Mtoto anapoenda staji, wazazi wengine wananung'unika: "Tumelipa, na sasa anaenda kufanya kazi bila mshahara?" Tuwaeleze. Staji nayo ina kredi. Na zaidi ya kredi, ndiyo inayomfanya awe mtu wa kazi.

Kwenye ISP, mwanafunzi anaanza kwa kukaa nyuma ya darasa na kuangalia namna mwalimu anavyofundisha. Kisha anatayarisha fishi ya somo, anasimama mbele ya watoto, na mwisho wa somo wanamwambia mazuri na makosa: ubao ulijaa ovyo, uliuliza walio mbele tu, sauti haikufika nyuma. Maneno hayo yanauma, lakini ndiyo yanayomkomaza. Kila kitu kinaandikwa katika kaye ya staji, na mwenye darasa anatia sahihi. Kwa wanaosoma uuguzi kwenye ISTM ni vilevile: kazi waliyofanya hospitalini inaandikwa na kutiwa sahihi.

Tunawashauri wabinti walio staji waombe pia kukaa katika selili ya msingi ya shule. Ni mkutano wa waalimu ambamo mmoja anatoa somo na wengine wanalichambua. Ndimo sisi tulio kazini tunaendelea kujifunza mpaka leo. Mwanafunzi aliyezoea mkutano huo mapema hatetemeki siku inspekta anapoingia darasani.

Kuko pia breve za likizo. INPP, iliyoundwa mwaka 1964, inafundisha kazi za mikono na ordinatere. Shirika la Msalaba Mwekundu linafundisha kusaidia walioumia. Karatasi hizo haziingii katika kredi 180 za chuo, tusidanganyane. Lakini siku ya kutafuta kazi, mwenye diploma pamoja na breve mbili anaonekana tofauti na mwenye diploma peke yake. Na wakati anapongoja kuandikwa na kulipwa, kama waalimu wengi wapya wanavyongoja, breve inaweza kumpa mkate.

Pointi zisizo za haki

Wamama, tusiogope kusema jambo hili mbele ya watoto wetu. Kuko wafundishaji wanaouza pointi, na kuko wanaomwambia msichana aje kwao usiku kama anataka kupita. Watu wanachekelea mambo hayo na kuyapa majina ya mchezo. Si mchezo. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri za kingono inaadhibu pia mtu anayetumia mamlaka yake kumsumbua mwingine ili alale naye.

Binti aseme kwa nani? Mara nyingi hasemi nyumbani kwa sababu anaogopa jibu letu la kwanza: "Ulivaa namna gani?" Tubadilishe jibu hilo. Tumwambie tangu mwanzo wa mwaka: "Mtu akikuomba mwili wako kwa pointi, njoo uniambie, sitakufokea." Aandike tarehe na maneno aliyoambiwa, atunze ujumbe wa simu, na asiende peke yake kwa mtu huyo. Kama pointi alizotangaziwa si za haki, ana ruhusa ya kuandika barua ya rekuru kwa wakuu wa chuo katika siku zilizowekwa. Mama anayejua hesabu ya kredi za mtoto wake tangu muhula wa kwanza anaona upesi pale ambapo kitu kimegeuka.

Dosie ya nyumbani

Tununue dosie moja ngumu ya plastiki. Ndani yake tuweke:

- releve ya kila muhula, yenye sahihi na kashe, iliyoombwa mara tu matokeo yanapotoka;
- bordero za benki za feza za masomo, zote;
- karatasi inayoonyesha masomo ya kila mwaka na kredi zake;
- kaye ya staji na atestasio yake;
- breve za likizo.

Kila karatasi tuitolee fotokopi. Moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa shangazi ao mama mdogo anayeishi muji mwingine. Tuipige pia picha kwa simu, na tuitume kwa watu wawili wa kuaminika. Tuliokimbia zaidi ya mara moja tunajua kwamba siku ya kukimbia mtu anabeba mtoto na sufuria. Hakumbuki karatasi.

Vikundi vyetu navyo vinaweza kusaidia. Wakati wa staji mwanafunzi anahitaji feza za usafiri, pia karatasi kubwa za michoro ya somo na viatu vya heshima. Si feza nyingi, lakini zinakosekana palepale tulipokwisha kulipa chuo. Kikundi chenye sanduku la usaidizi kinaweza kutenga kidogo kwa wabinti walio staji, hasa wale waliozaa na wanaotaka kurudi.

Ya kuzungumza katika mkutano wetu wa juma hili

1. Katika kikundi chetu, ni wabinti wangapi waliosimama masomo? Walikuwa wamekusanya kredi ngapi?
2. Nani atawasindikiza kwenye ofisi ya apariteri kuomba releve zao?
3. Jioni, nyumbani kwetu, binti anapata saa ngapi za kusoma? Na kaka yake?