Madoa kwenye kuta za kale si uchafu: Jinsi likeni zinavyotambuliwa

WATU wengi waonapo madoa meupe, meusi au ya rangi ya machungwa kwenye kuta kongwe za mawe ya chokaa, hudhani ni uchafu wa kusuguliwa. Mengi ya madoa hayo ni viumbe hai viitwavyo likeni.

Likeni ni kuvu inayoishi pamoja na vijimea vidogo vinavyoitengenezea chakula kwa mwangaza wa jua. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Simon Schwendener, alitangaza ushirika huo mwaka wa 1867, na wanasayansi wengi wa wakati huo wakampinga.

Zilizo ngumu zaidi kutambua ni likeni zinazoshika jiwe kama ukoko wa wali unavyoshika sufuria. Haziwezi kubanduliwa bila kumega jiwe lenyewe.

Hatua ya kwanza ni kulichunguza jiwe. Tone la siki likitiwa kando ya likeni, kwenye unga wa jiwe la chokaa, hutoa povu. Hili ni muhimu, kwani zipo likeni zinazoota penye chokaa pekee.

Hatua ya pili ni kutazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Baadhi huwa na visahani vidogo vya uzazi. Nyingine, kama Bagliettoa calciseda, hujificha ndani ya jiwe na kuonyesha vidoa vyeusi tu, mfano wa ncha ya sindano.

Kisha kuna kemikali, mbinu iliyoanzishwa na William Nylander mwaka wa 1866. Likeni za machungwa za kundi la Caloplaca hugeuka zambarau zikitiwa hidroksidi ya potasiamu. Dawa hiyo huunguza ngozi, hivyo ni kazi ya wataalamu. Pasipotosha, spora hupimwa kwa hadubini.

Kwa nini taabu yote hii? Baadhi ya likeni hula jiwe polepole, ilhali nyingine hulikinga dhidi ya mvua na upepo. Nyingi hukua chini ya milimita moja kwa mwaka, na doa dogo laweza kuwa la miongo mingi.

Katika Pwani ya Kenya, Fort Jesus na magofu ya Gede yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Asuguaye kuta za namna hiyo kwa brashi ya waya kabla ya kujua kilichoota hapo, huenda akauondoa mlinzi na kuliacha jiwe likiwa na majeraha.